Namna ya Kujifunza Vitenzi vya Kiingereza vya Maneno Mawili kwa Ajili ya Kazi

Mtu aliyesomeshwa kwa Kiingereza jijini Nairobi tangu utotoni huandika barua rasmi bila taabu, lakini huenda akababaika anaposoma katika barua pepe ya meneja kwamba mkutano umekuwa "put off". Maana yake ni kuahirishwa. Ungefutwa kabisa, angeandikiwa "called off", na anayechanganya mawili hayo huacha kuandaa ripoti ambayo bado itahitajika.

Kiswahili hupanua kitenzi kwa mnyambuliko, tukapata funga, fungua na fungia, ilhali Kiingereza hukiacha kitenzi kilivyo na kukiwekea neno fupi nyuma yake. Kwa sababu hiyo, "hand in", "hand over" na "hand out" vichukue kuwa vitenzi vitatu tofauti: kuwasilisha, kukabidhi na kugawa.

Usianze na orodha ndefu za mtandaoni, kwani nyingi zimepangwa kwa alfabeti na hazijui unafanya kazi gani. Pitia barua pepe ulizopokea hivi karibuni, upigie mstari vitenzi vinavyojirudia. Karani wa ghala kule Industrial Area atakutana mapema na "run out of", yaani kuishiwa, na mhudumu wa mapokezi Upper Hill atahitaji "put through", yaani kumuunganisha mpigaji simu na anayetafutwa. Vitano kwa wiki vinatosha.

Kila kimoja kiandikie sentensi mbili daftarini, ya kwanza ikiwa na nomino na ya pili ikiwa na "it", maana hapa ndipo wengi hukosea. Unaweza kusema "put off the meeting" au "put the meeting off", lakini ukitumia kiwakilishi ni lazima kikae katikati: "put it off". "Look into", yaani kuchunguza, hakitenganishwi kamwe, hivyo utasema "look into the matter" na "look into it". Zisome sentensi hizo kwa sauti, ukiweka mkazo kwenye "off" katika "put it off" na kwenye "look" katika "look into it".

Angalia pia mazoea yetu wenyewe. Wakenya wengi husema "pick my call", nasi huelewana vizuri, ila mteja aliye London hutarajia "pick up" au "answer". Vilevile "cope up with" ina "up" isiyohitajika. Sahihi ni "cope with", yaani kumudu.

Katika mikataba ninapendekeza "postpone", "cancel" na "investigate" badala ya "put off", "call off" na "look into", ingawa "carry out", yaani kutekeleza, na "follow up", yaani kufuatilia, hukubalika hata katika ripoti rasmi. Na pale usipokuwa na hakika na agizo, mjibu aliyelituma kwa kitenzi cha neno moja pamoja na tarehe, ukiuliza iwapo mkutano "is postponed to Thursday", kabla hujabadilisha ratiba ya mtu yeyote.