Jinsi ya kujua kama kamati yenu ya maafa mtaani inafanya kazi kweli

Wadau wa Mbeya, tangu tope la mlima Kawetere lishuke Itezi Aprili 2024 likafukia nyumba za watu, sisi tunaokaa chini ya milima tunaongelea sana kamati za maafa. Sasa utajuaje kama ya kwenu inafanya kazi? Idadi ya vikao haikwambii kitu, posho ndo kabisaa. Angalieni saa.

Teueni mtu mmoja wa kuandika saa, asiwe mwenyekiti manake siku hiyo simu yake haitapumua. Kwenye daftari aandike saa ngapi mtu wa kwanza aliona ufa au maji ya tope, saa ngapi mwenyekiti akapata habari, saa ngapi zimamoto 114 ikapigwa, saa ngapi nyumba ya mwisho ikabaki tupu, saa ngapi kijiko (mashine ya kuchimba tope) kikafika. Halafu tazameni wapi muda umeliwa. Ukikuta nusu saa imepotea kati ya aliyeona na mwenyekiti, hilo ni lenu wenyewe, hamna haja ya kusubiri bajeti ya halmashauri, tafuteni filimbi na namba za simu za watu wa juu kule mlimani. Gari likichelewa sababu barabara ya mtaa haipitiki, andikeni pia mpeleke kata.

Kuhesabu watu ndo kunasumbua zaidi. Daftari la wakazi mara nyingi lina wenye nyumba tu, wapangaji na wanafunzi wa mageto hawamo, kwahiyo mnasema wote wametoka kumbe kuna mtu kalala chumba cha uani. Kila zoezi linganisheni waliohesabiwa na wanaolala pale kweli.

Zoezi fanyeni Oktoba kabla mvua hazijaanza, mtangaze mapema watu wasipate presha, na msichague jumapili mchana kila mtu yupo, jaribuni siku ya kazi vijana wako sokoni Mwanjelwa na nyumbani wamebaki bibi na watoto, hapo ndo mtajua nani anambeba nani.

Ndani ya wiki moja kaeni, iwe baada ya zoezi au tukio lenyewe. Tulipanga nini, kikatokea nini, kwa nini tofauti. Waliookolewa waongee kwanza, viongozi baadae (wakianza wao hamna atakayepinga, tunajuana). Kila pengo liandikiwe jina la mtu na tarehe, sio "kamati itashughulikia". Kikao kinachofuata mnaanza na hiyo orodha kabla ya ajenda nyingine yoyote, na jambo likirudi mara mbili halijafanyika mpeni mtu mwingine.