Jinsi ya kupiga hesabu ya umeme wa LUKU ujue unaliwa na nini

Jamani kabla hujanunua LUKU nyingine jifunze hii hesabu, haichukui hata dk 5. Angalia wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa, zidisha na masaa unayotumia, gawa kwa 1000, hizo ndo uniti. Mfano pasi ya wati 1000 ukinyoosha nusu saa ni nusu uniti, lakini taa ya wati 9 inawaka masaa 10 na haijafika hata sehemu ya kumi ya uniti!! Kwahiyo nyoosha nguo za wiki nzima siku moja, sio kila asubuhi unawasha pasi kwa shati moja.

Kama uko kwenye tarifu ya D1 (bei ya TANESCO kwa wateja wa nyumbani wanaotumia umeme kidogo) jitahidi usivuke uniti 75 kwa mwezi maana hapo uniti ni sh 100 kabla ya kodi na makato, ukivuka bei inaruka sana, mi naumia nikiona mama lishe wa Mbagala analipa hela asiyotakiwa kulipa kisa friji mlango haufungi vizuri.