Kuipokea PlayStation 5 Lamu: Yafaayo Kutengenezwa Kabla ya Mechi ya Kwanza

Mashine ya gemu ya PlayStation 5 inayofika Lamu huwa imekwisha kusafiri kwa basi hadi Mokowe, ikavushwa kwa boti, na mara nyingi ikamaliziwa kwa mkokoteni au punda, kwa sababu vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari. Mwongozo huu ni wa yule aliyekwisha kuinunua au anayengojea iletwe, na shabaha yake ni kumsaidia aitengeneze mashine vizuri kwanza, gemu zifuate baadaye. Siku ya kwanza ni siku ya kazi, na ni vyema watoto wa nyumbani waelezwe hivyo kabla sanduku halijafunguliwa, maana wao watakuwa wamekwisha kupanga nani atacheza na nani.

Mwagize anayekuletea alifunge sanduku kwa turubai na aliweke mahali pasipofikiwa na maji, hasa wakati wa kusi, bahari inapochafuka. Likifika likiwa na dalili ya unyevu, au likiwa limetoka katika chumba chenye kiyoyozi, liache lipate joto la nyumba kwa saa chache kabla ya kuiwasha mashine. Matone madogo yanayojikusanya juu ya chuma baridi hayaonekani kwa nje, lakini ndani yanaweza kuunguza saketi.

Ikiwa bado hujalipa, fikiri sana juu ya toleo utakalochagua. La kwanza lilitoka Novemba 2020 na uzito wake ni kilo 4.5; lile jembamba lililofuata mwishoni mwa 2023 lina takriban kilo 3.2. Yote mawili yana namna mbili, yenye kusoma diski na isiyosoma, na mimi sioni sababu ya mtu wa Lamu kununua isiyosoma diski, hata kama bei yake inavutia. Diski hununuliwa iliyotumika, hubadilishanwa na rafiki, huuzwa ikishachosha. Gemu iliyopakuliwa haiuziki wala haiazimwi kwa urahisi. Jambo moja la kujua ni kwamba katika toleo jembamba kifaa cha kusomea diski husajiliwa na mashine kupitia intaneti mara ya kwanza, kwa hiyo hata mwenye diski mkononi hawezi kuanza bila bando.

Sasa tuje kwenye umeme, ambao ndio unaostahili fedha zako za mwanzo kuliko gemu ya pili. Umeme wa Kenya ni volti 240 na hezi 50, na plagi yetu ni ile ya miguu mitatu ya mraba. Mashine iliyonunuliwa nje ya nchi isomwe kibandiko chake cha nyuma kabla ya kuchomekwa, na isipokuwa kibandiko hicho kinataja volti 240, isiguswe. Umeme unaporudi baada ya kukatika, mara nyingi hurudi kwa kishindo, ukapanda na kushuka kwa muda kabla ya kutulia. Kwa hiyo weka kati ya soketi na mashine kinga ya aina ya TV Guard, ambayo huukata umeme mbaya na kusubiri utulie ndipo iupitishe. Usiiunganishe mashine, televisheni, feni na birika katika ekstensheni moja ya bei rahisi.

Kinga hiyo hata hivyo haizuii mashine kuzimika ghafla, na kuzimika ghafla wakati inaandika data ndiko kunakoharibu gemu zilizohifadhiwa. Mwenye uwezo anunue UPS ndogo, yaani betri inayoshika mara stima inapopotea, si kwa ajili ya kucheza gizani bali kwa ajili ya zile dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Asiye na uwezo huo afanye jambo lisilogharimu kitu: aingie kwenye mipangilio ya umeme aizuie mashine isisinzie yenyewe, na kila anapoizima achague kuizima kabisa. Mashine inayosinzia ingali inatumia umeme, na stima ikipotea usiku wa manane wewe umelala, asubuhi itakulalamikia. Ikitokea imezimika vibaya na haitaki kuamka, hakikisha imezima, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachia mpaka usikie mlio wa pili, baada ya sekunde kama 7. Utaingia katika hali salama, ambamo pedi ya kuchezea lazima iunganishwe kwa waya, na humo utapata chaguo la kuijenga upya hifadhidata, yaani orodha ya yaliyomo ndani ya mashine, bila kufuta gemu zako.

Wanaoogopa bili ya stima wapige hesabu hii. Gemu nzito huifanya mashine itumie takriban wati 200, na hiyo ni kusema yuniti moja huchezewa kama saa 5, bila kuhesabu televisheni.

Mahali pa kuiweka ndipo penye makosa mengi. Nyumba ya mawe ina vidaka ukutani, na kila mtu anayeitazama mashine ile nyeupe yenye mabega yaliyopinda hufikiri mara moja kwamba kidaka kilichongwa kwa ajili yake. Haifai. PlayStation 5 huvuta hewa mbele na kuitoa nyuma ikiwa moto, na kiwandani wameagiza iachwe angalau sentimita 10 kutoka ukutani. Ndani ya kidaka, hewa ya moto hugonga jiwe ikarudi kule kule ilikotoka, na feni ambayo kwa kawaida husikika kwa shida huanza kuvuma. Meza ya wazi isiyopigwa na jua ni bora mara nyingi zaidi. Kiwango cha juu cha joto la chumba ambacho mashine imetengenezewa ni nyuzi 35 za selsiasi, na kwa hiyo katika miezi ya joto ya Februari na Machi, chumba cha juu chini ya bati si mahali pake wakati wa adhuhuri. Ukumbi wa chini wenye kuta nene huwa na nafuu.

Adui wa pili ni chumvi, ambaye kila mwenye redio au baiskeli Lamu anamfahamu. Dirisha linalotazama bahari huingiza upepo mzuri na pamoja nao ukungu wa chumvi unaokula ncha za waya na matundu ya chuma. Usiiweke mashine mkabala na dirisha hilo. Ikishazimwa na kupoa, ifunike kwa kitambaa chepesi cha pamba, leso kuukuu inatosha, na kabla ya kuiwasha hakikisha leso imeondolewa yote. Adui wa tatu huanguka kutoka juu: ule unga mweupe wa chokaa unaopukutika ukutani na kwenye boriti. Mabamba ya pembeni ya mashine hubanduliwa kwa mkono bila bisibisi, na ndani yake kuna matundu yaliyowekwa makusudi kukusanya vumbi, ambayo husafishwa kwa mashine ya kufyonza vumbi au kwa brashi laini na kavu, umeme ukiwa umechomolewa. Kitambaa chenye maji kisikaribie.

Televisheni isikusumbue sana. Mashine inaweza kutoa picha kali ya 4K, lakini pia hukubali televisheni za kiwango cha chini, za 720p au 1080p, mradi iwe na tundu la HDMI. Zile nyaya za zamani za rangi nyekundu, nyeupe na njano haina nafasi yazo. Lililo muhimu kuliko ukubwa wa kioo ni kuitafuta, katika mipangilio ya televisheni yenyewe, hali maalumu ya gemu na kuiwasha. Bila hiyo, televisheni nyingi huipamba picha kwanza ndipo ziionyeshe, na wewe utaona umebonyeza mapema lakini mchezaji wako amepiga mpira kwa kuchelewa. Waya wa HDMI ukishaingia, uache hapo. Kuibeba mashine kutoka nyumba hadi nyumba kila wikendi, ukichomoa na kuchomeka, hulegeza tundu, na ukarabati wake si kazi ya kila fundi.

Unapoiwasha mara ya kwanza itakuuliza lugha, itataka intaneti, kisha itapakua masasisho ya mfumo. Kuta za mawe ya matumbawe huumeza mtandao wa Wi-Fi, hivyo leta ruta chumba kimoja na mashine au tumia waya wa mtandao. Hotispoti ya simu nayo hufaa ikiwekwa karibu. Katika kufungua akaunti ya PlayStation Network, huduma ya mtandaoni ya mashine hii, chagua nchi kwa makini. Kenya haimo katika orodha ya nchi za huduma hiyo, na wengi huchagua nchi nyingine, lakini nchi ukishaichagua haibadiliki, na kadi za malipo za nchi moja hazikubaliki katika akaunti ya nchi nyingine. Basi jua kwanza ni kadi za wapi utakazozipata kwa urahisi.

Nafasi ya kuhifadhia ndiyo itakayokushangaza. Toleo la kwanza lina gigabaiti 825, na zinazobaki kwa matumizi yako ni kama 667. Toleo jembamba lenye kusoma diski lina terabaiti 1. Gemu kubwa moja hukaribia gigabaiti 100, na hata ukiwa na diski, yaliyomo hunakiliwa kwanza ndani ya mashine, kisha masasisho huongezwa kutoka intaneti. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 100 huchukua takriban saa 22, tena kama mtandao haukuyumba. Diski ngumu ya nje ya USB inaweza kuzihifadhi gemu za PS5, lakini huwezi kuzicheza zikiwa humo. Gemu za PS4, mashine iliyoitangulia hii, ndizo zinazochezeka kutoka huko. Kwa hiyo weka ndani gemu mbili au tatu mnazozicheza kweli, na zilizobaki zilale nje.

Wakati mambo hayo yote yanapakuliwa, kuna zawadi iliyokwisha kuwekwa ndani: gemu ya Astro's Playroom, ambayo haihitaji diski wala malipo. Ianze hiyo, hata kama umri wako unakuambia ni ya watoto, kwa kuwa imetungwa kuonyesha kinachoifanya mashine hii iwe tofauti, nacho ni pedi. Roboti mdogo akitembea juu ya mchanga, viganja husikia mkwaruzo. Akipita juu ya kioo, mguso hubadilika ukawa mwepesi na mkavu. Vitufe vya nyuma hukaza kidole kana kwamba kuna kitu kinasukuma kutoka ndani. Wengi hutarajia picha ndiyo iwashangaze, kumbe mikono hutangulia.

Pedi hiyo huja moja tu, na nyumba yenye ndugu na majirani haiwezi kuishi kwa pedi moja. Pedi ya PS4 uliyo nayo itachezesha gemu za PS4 peke yake, kwa hiyo panga bei ya pedi ya pili ya DualSense, ndiyo pedi ya PS5, tangu mwanzo. Kucheza na watu wa mbali katika gemu nyingi za kulipia huhitaji usajili wa kulipia uitwao PlayStation Plus, ingawa gemu za bure kama Fortnite hazihitaji. Mechi ya namna hiyo haisimamishwi kwa kitufe, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto akiitwa mara adhana inapotoka naye akasema haiwezekani kusimama, anasema kweli. Dawa ni kukubaliana kwamba mechi ya mtandaoni haianzwi wakati wa swala au madrasa ukikaribia. Mzazi anaweza pia kumfungulia mtoto akaunti yake chini ya ya kwake na kumwekea saa za kucheza, nayo mashine itazihesabu.

Sanduku, risiti na mabamba ya karatasi yaliyoishikilia mashine visitupwe. Vijiti vya pedi vikianza kusogea vyenyewe bila kuguswa, au feni ikipiga kelele mashine ingali mpya, muuzaji wa Mombasa atataka kuviona, na mashine italazimika kuvuka tena bahari hadi Mokowe ikiwa imefungwa kama ilivyokuja.