Jinsi ya Kupima kwa Kioo na Rula Tofauti ya Umbali wa Jua, Januari na Julai

Mwanzoni mwa Januari dunia huwa takriban kilomita milioni 147.1 kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai huwa kilomita milioni 152.1. Kwa kuwa Januari ni mwezi wa joto Dar es Salaam na Mombasa, ilhali Julai ni kipupwe, wengi huhitimisha kwamba umbali huo ndio unaoleta majira. Kioo kidogo, karatasi nyeusi, rula na simu yenye kamera vinatosha kukuonyesha umbali huo una nguvu kiasi gani hasa.

Toboa karatasi tundu la duara lenye upana wa milimita 5, ukifunike kioo kwa karatasi hiyo, kisha ukiweke juani ili kirushe mwanga kupitia mlangoni hadi ndani ya chumba chenye giza, mita 10 kutoka kiliposimama. Umbali huo upimwe kwa tepu na kwa uangalifu mkubwa, maana kosa la sentimita 10 hubadilisha jibu kwa asilimia 1, na tofauti unayoitafuta ni kama asilimia 3 tu. Mtu yeyote asilitazame jua wala kukitazama kioo.

Doa la mwanga utakaloliona si umbo la tundu, bali ni taswira ya jua lenyewe. Lipokee kwenye ubao wenye karatasi nyeupe na rula iliyobandikwa, ukiuinamisha ubao mpaka mwanga uuangukie kwa nyuzi 90, la sivyo duara litarefuka upande mmoja. Doa husogea karibu milimita 0.7 kila sekunde, kwa hiyo ni afadhali ulipige picha pamoja na rula kuliko kulifukuza kwa penseli. Pima kipenyo kinachokatisha njia ya doa, kuanzia katikati ya ukungu wa ukingo mmoja hadi katikati ya ukungu wa ukingo wa pili. Epuka saa za mawio na machweo, kwani wakati huo angahewa hulifanya jua lionekane limebonyea.

Rudia Julai kwa tundu lilelile na umbali uleule. Kipimo kizuri kitakaribia milimita 94.6 Januari na 91.5 Julai. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, kisha uzidishe jibu kwa jibu lenyewe, kwa kuwa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: utapata takriban 1.07, yaani mwanga unaoifikia dunia Januari unauzidi wa Julai kwa karibu asilimia 7.

Sasa linganisha na mwinamo wa mhimili wa dunia, ambao ni nyuzi 23.4. Mjini London jua la adhuhuri hufika nyuzi 61 hivi juu ya upeo wa macho mwanzoni mwa Julai, lakini mwanzoni mwa Januari haliendi juu ya nyuzi 16, na kwa sababu hiyo pekee ardhi tambarare hupata mwanga wa Julai zaidi ya mara tatu ya ule wa Januari. Asilimia 7 haifui dafu hapo. Dar es Salaam mambo ni tofauti: jua hushuka kutoka nyuzi 74 hadi 60 tu, nalo punguzo hilo huipa Januari nyongeza ya kama asilimia 11. Kwa hiyo anayedai kwamba kwetu umbali hauna mchango wowote naye amekosea, ingawa kipupwe chetu kinategemea pia upepo wa kusi.

Asiyeweza kusubiri miezi sita achukue kalenda. Dunia hupunguza mwendo inapokuwa mbali na jua, kutoka takriban kilomita 30.3 kwa sekunde hadi 29.3. Ahesabu siku kutoka siku-sare (siku ambayo mchana na usiku hulingana) ya Machi hadi ile ya Septemba, kisha kutoka Septemba hadi Machi inayofuata: kipindi cha kwanza kina siku 186 hivi, na cha pili 179.