Muuguzi wa kiume na swali la "wewe ni shoga?": namna ya kulijibu na kazi ikaendelea

Dhana mbili humfuata muuguzi wa kiume wodini, na zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Ya kwanza husema: amechagua kazi ya kike, basi lazima anapenda wanaume wenzake. Ya pili: huyo ukimwacha na mgonjwa wa kike nyuma ya pazia, atamtamani. Saa nne asubuhi anataniwa kwa ile ya kwanza, saa tano anazuiwa kumhudumia mama kwa ile ya pili, tena na watu walewale.

Hiyo "kazi ya kike" nayo ina historia yake. Watawa wa Mtakatifu Yohane, wanaume, waliuguza wagonjwa Yerusalemu enzi za Vita vya Msalaba. Shule ya Florence Nightingale, iliyofunguliwa London mwaka 1860, ilifundisha wanawake tu, na mtindo wake ukaenea. Jeshi la Marekani halikuwapa wanaume vyeo katika kikosi chake cha wauguzi hadi 1955. Chama kikubwa cha wauguzi Uingereza, Royal College of Nursing, kiliwafungulia wanaume uanachama mwaka 1960. Mlango ulifungwa, kisha ikasemwa wanaume hawapendi kuingia.

Sasa, swali lenyewe. Likija mara ya kwanza, kwa utani, jibu kwa sentensi moja na sauti ileile uliyokuwa unaongea nayo, halafu rudi kwenye kazi: "Hilo halihusiani na zamu. Dripu ya kitanda cha sita imebaki kiasi gani?" Usicheke kwa kulazimisha, wala usihutubie.

Kosa linalofanywa na wengi ni kukana: "Aa, mimi nina mke na watoto wawili." Linaonekana jibu salama, lakini lina hasara mbili. Umekubali kwamba swali ni shtaka linalohitaji utetezi, kwa hiyo wiki ijayo utaombwa ushahidi mwingine. Pili, kama kwenye timu yuko mtu ambaye kweli anavutiwa na watu wa jinsia yake, amekusikia ukilikwepa jambo hilo kama uchafu. Kama ni wewe, huna deni la kumjibu yeyote. Ukiamua kumwambia mwenzako mmoja, mwambie wazi kwamba hukumruhusu kupeleka mbele. Ziko nchi ambako uvumi wa namna hii humfikisha mtu polisi, na anayeutania kwenye makabidhiano ya zamu hajui unaishia wapi.

Likirudi mara ya pili, mvute pembeni aliyelisema, mbali na wagonjwa, na urudie maneno yake kama alivyoyatamka. Neno "shoga" wanawake huitana kwa upendo. Likielekezwa kwa mwanamume huwa tusi, na anayesema "nilikuwa natania tu" anaijua tofauti hiyo vizuri sana. Mwambie: "Jana mbele ya mgonjwa uliniita hivi. Sitaki tena."

Mara ya tatu ni ya kuandika. Andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, maneno kamili ndani ya alama za kunukuu, nani alikuwepo, wewe ulijibu nini, na kazi iliathirikaje (mgonjwa alikataa dawa, ulihamishwa kitanda). Mpe msimamizi nakala, ubaki na yako. Mwelekeo wako wa kimapenzi usiuandike popote, hata kwa kukana. Malalamiko yanahusu tabia ya aliyesema. Malalamiko mengi hufia hapa: mtu ameandika "wananinyanyasa kila siku", msimamizi hana pa kuanzia.

Kwa mgonjwa ni tofauti. Anapouliza "una mke?" akiwa amefunikwa shuka moja, mara nyingi anauliza kama yuko salama. Usimtulize kwa kumweleza unampenda nani, kwani usalama wake hautoki huko. Unatoka kwenye utaratibu: jitambulishe kwa jina na kazi (la sivyo utaitwa daktari, na daktari wa kike aliye nyuma yako ataitwa nesi), eleza utagusa wapi na kwa nini, uliza kama anataka mtu wa tatu awepo, subiri akubali, funga pazia, funua sehemu unayoifanyia kazi tu, andika kwenye faili idhini yake na jina la aliyekuwepo. Fanya hivyo kwa wagonjwa wa kiume pia. Ukiwafanyia wanawake peke yao, umeikubali ile dhana ya pili.

Aibu huharibu hata vipimo. Chukua ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ya mgonjwa wa kike. Vibandiko vya kifuani V1 na V2 hukaa nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto kwa mfupa wa kidari. V4 nafasi ya tano, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga, ambako mara nyingi ni chini ya titi. V3 huja baadaye, katikati ya V2 na V4. Muuguzi anayeogopa kuonekana anapapasa huibandika V1 na V2 juu mno, nafasi ya pili, na karatasi inaweza kutoka na mchoro unaofanana na wa moyo uliowahi kuumia. Dawa yake ni ndogo: mwombe mgonjwa ainue titi mwenyewe, akishindwa, inua kwa mgongo wa mkono wako, baada ya kumwambia.

Msimamizi wa zamu ana mambo yake. Mgonjwa akiomba muuguzi wa kike kwa huduma ya sehemu za siri, badilisha, na uandike hivyo hivyo: "ameomba muuguzi wa kike kwa kuwekewa mpira wa mkojo." Usiongeze nadharia yako. Akitukana, hilo ni suala jingine na anaambiwa. Ila ubadilishanaji uwe wa kazi kwa kazi. Vinginevyo wanaume wa zamu wataishia kunyanyua wagonjwa wazito na kuwashika wenye fujo kutwa nzima, mpaka migongo iishe. Na mwanafunzi wa kiume asitolewe chumba cha kujifungulia kabla mzazi hajaulizwa: kila siku anayokaa koridoni ni taratibu ambazo hazitasainiwa kwenye kitabu chake cha mafunzo, na mtahini hatauliza nani alimtoa.