Kuunda boti ya mbio ya rimoti ya petroli: chunga kona za chini

Boti yangu ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko zote nilizounda baadaye, na ndiyo iliyokuwa goigoi kuliko zote. Nilimpa fundi rangi wa magari hapa Ilala, akaipiga msasa mpaka ikateleza kama yai, na kila kona akaivunja, yaani akaifanya duara. Majini ikanata kama mwiko kwenye ugali. Kosa lilikuwa langu. Kwenye kabati, kona iliyovunjwa ni ufundi. Chini ya haidroplani, yaani boti ya mbio inayoteleza juu ya maji kama hii yetu, ni breki: maji huifuata ile duara, yakapanda ubavuni na kuivuta boti chini. Kona ikiwa kali, maji yanakatika hapo hapo na boti inaachiwa.

Haidroplani ikishika kasi hugusa maji sehemu tatu tu: miguu miwili ya mbele, ambayo wenyewe huiita sponsoni, na pangaboi nyuma, nusu yake ikiwa nje ya maji. Ndivyo Slo-mo-shun IV ilivyokimbia kilomita 258 kwa saa kule Seattle mwaka 1950, ikiwa na mtu ndani. Yetu ina urefu wa sentimita 120 na injini ya cc 26.

Hatua ya 1: Mbao
Nunua plaiwudi ya milimita 3 kwa ngozi na ya milimita 6 kwa mataruma, zile mbavu za ndani. Ukiuliza marini bodi utapewa ile nyeusi ya kumwagia zege. Hiyo waachie wajenzi. Omba kipande kidogo, kachemshe nusu saa kwenye sufuria. Tabaka zikiachana, tafuta duka lingine.

Hatua ya 2: Kiunzi
Unda boti ikiwa imelala kifudifudi juu ya kitu kilichonyooka kweli. Mimi natumia kioo kinene cha dirisha. Meza ya mbao ya Dar hupinda na mvua za masika, na boti itapinda nayo. Nyayo za miguu ziinuke mbele kwa nyuzi 3 hadi 4, kulia na kushoto sawasawa. Hapa usikadirie kwa jicho.

Gundi ni epoksi ya nusu saa. Kwa joto letu la Januari, hiyo nusu saa ni dakika kumi na tano, kwa hiyo koroga kidogo kidogo. Kabla ya kufunga sitaha, paka epoksi nyepesi ndani kote mara mbili, hasa kwenye ncha za mbao, halafu jaza chupa tupu za maji zilizofungwa vizuri ili boti ikipinduka isizame. Usiweke lile povu jeupe la kufungia televisheni. Petroli ikilidondokea linayeyuka.

Hatua ya 3: Injini na kebo
Wengi duniani hutumia Zenoah ya Japani inayopozwa kwa maji. Injini ya mashine ya kufyekea majani ni binamu yake, ila inapozwa kwa upepo. Ndani ya boti itajipika mpaka fundi wa kuchonga vyuma akutengenezee koti la maji. Mchanganyiko wangu ni mililita 40 za oili ya tustroki kwa lita 1 ya petroli.

Kebo ya kuzungushia pangaboi ina unene wa milimita 6.35. Angalia ilivyosokotwa: injini ikizunguka, kebo ijikaze. Ikijifungua itakatika siku ya kwanza. Na kwa kuwa ikijikaza inafupika, acha nafasi ya milimita 3 hivi mbele ya kishikio cha pangaboi. Paka grisi kila unapoingia majini.

Hatua ya 4: Kumalizia
Hapa usimwachie mtu.

Weka rula ya chuma chini ya boti, mulika tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya, pana shimo. Jaza, piga msasa wa namba 120 uliofungwa kwenye kipande cha mbao, kamwe usitumie kiganja, maana kiganja huvunja kona bila wewe kujua.

Sasa kona zenyewe. Bandika selotepu ubavuni, wima, ipite kona kwa milimita moja hivi. Changanya epoksi na poda ya mtoto mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga, ishindilie kwenye ule ukuta wa selotepu, iache ilale hadi kesho. Ukibandua utakuta ukingo umesimama; usawazishe kutoka chini tu, kwa kipande kile kile cha mbao, mpaka ukipitisha ukucha unakwaruzwa. Ukucha ukiteleza, rudia.

Rangi ya juu iwe ya kuchanganywa na hadena, pamoja na klia yake, ile vanishi angavu ya juu. Rangi isiyo na hadena petroli huila. Usipulize mvua ikiwa imetoka kunyesha, unyevunyevu huipausha. Chini namalizia kwa msasa wa maji namba 400 na sing'arishi.

Hatua ya 5: Mizani
Tangi likiwa tupu, inyanyue boti kwa vidole viwili. Yangu inatulia sentimita 5 nyuma ya visigino vya miguu. Ikiwa nzito nyuma, itapaa na kupinduka. Bati la kukatia kona linakaa mguu wa kulia, kwa sababu mbio huzunguka kwa kufuata mshale wa saa.

Hatua ya 6: Majini
Nchi kavu kwanza: washa injini, zima rimoti. Injini isipozima au kushuka yenyewe, rudi nyumbani. Pangaboi iliyonolewa ni wembe, vaa glavu.

Mimi huenda Kunduchi alfajiri, siku za maji mafu, kabla upepo haujaamka na waogeleaji hawajafika. Skrubu za kabureta naanzia kwa kuzifungua mzunguko mmoja na nusu. Baada ya dakika tatu toa plagi uitazame: kahawia ni sawa, nyeupe inakosa mafuta, nyeusi na mbichi imezidisha.

Ukirudi, suuza kila kitu kwa maji ya bomba, pitisha maji hayo kwenye koti la injini pia, vuta kebo uifute chumvi. Kisha geuza boti, pitisha ukucha kwenye kona. Palipogonga mchanga patakuwa pamebonyea. Selotepu na poda ya mtoto viwe karibu.