Somo: kupiga Windows upya na mafaili yako yabaki salama

Kinachofuta mafaili mara nyingi siyo Windows. Ni kitufe kimoja kwenye ukurasa wa kuchagua diski, na aliyekibonyeza hakumuuliza mwenye mashine vitu vyake viko wapi. Ndiyo maana mtu anapeleka laptopu mjini ikiwa nzito, anairudisha inakimbia, halafu akifika kwake Buzuruga, hapa Mwanza, anakuta Desktop imebaki na kapu la taka peke yake. Somo hili ni la mwenye mashine, ingawa fundi naye akilisoma hatapungukiwa kitu.

Nazungumzia Windows 10 na 11. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wengi wanapiga upya ili wahamie 11. Hakikisha kwanza mashine inakubali: RAM GB 4, diski GB 64, TPM 2.0 (kipande cha usalama ndani ya mashine), na kwa prosesa za Intel kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine nyingi za mtumba hazifiki hapo.

Kwanza, jua vitu vyako viko wapi

Ukimuuliza mtu, atakujibu "viko Desktop". Sawa, lakini Desktop, Documents, Downloads na Pictures kwa kawaida zimo ndani ya folda moja: C, kisha Users, kisha jina lako. C ikifutwa, zote zimekwenda pamoja.

Halafu kuna vile vinavyosahaulika. Mahesabu ya QuickBooks mara nyingi hayamo kwenye Documents zako, yamo Users, Public, Documents, ndani ya folda ya Intuit, na faili lake linaishia na .QBW. Paswedi za Chrome zimo kwenye folda iliyofichwa ya AppData, na kuinakili folda hiyo hakutakurudishia paswedi, maana zimefungwa kwa Windows ile ile. Ingia Chrome kwa akaunti yako ya Google, uwashe usawazishaji, uhakikishe kwenye simu kwamba zimefika.

Wenye OneDrive, tazameni alama iliyo pembeni ya faili. Wingu maana yake faili liko mtandaoni tu, halimo kwenye mashine, na bila bando halitanakilika.

Pili, nakala

Tumia diski ya nje au flashi kubwa. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, hivyo video ya harusi itagoma hata kama nafasi ipo. Iformati (yaani ifute na kuipanga upya) kuwa exFAT kabla hujaweka kitu. Ukimaliza kunakili, ichomeke kwenye mashine nyingine ufungue mafaili matatu manne. Kuona majina tu hakutoshi.

Flashi ya nakala isiwe ile utakayotengenezea Windows. Media Creation Tool, programu ya Microsoft ya kutengenezea flashi hiyo, inataka flashi ya GB 8 au zaidi, na inafuta kila kilichomo humo. Watu wanalia kwa hili kuliko mnavyodhani.

Tatu, chagua njia

Si kila tatizo linataka formati, ingawa mafundi wa haraka huanzia hapo.

Kama Windows bado inawaka, njia ninayoipenda mimi ni hii: chomeka flashi ya Windows wakati mashine imewaka, ifungue kama folda ya kawaida, bofya setup mara mbili. Kabla ya kuanza itakuonyesha maneno "Keep personal files and apps". Mafaili yanabaki, programu zinabaki. Kama chaguo hilo limefifia na halibonyezeki, simama hapo hapo. Huenda lugha au toleo la kwenye flashi halilingani na la mashine.

Njia nyingine ni "Reset this PC". Kwenye 11 iko Settings, System, Recovery; kwenye 10 pitia Update & Security. Chagua "Keep my files". Mafaili yanabaki, lakini programu ulizoweka zinaondoka, QuickBooks ikiwemo, kwa hiyo uwe na namba zake za leseni. Itakuuliza tena: "Cloud download" inakula zaidi ya GB 4 za bando, "Local reinstall" inatumia kilichomo kwenye mashine.

Ya mwisho ni kuiwasha mashine kutoka kwenye flashi. Kwa HP nyingi ni Esc kisha F9, kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12. Hapa hakuna cha "Keep", na ndipo penye ukurasa ule niliousema mwanzo. Utaona mistari: Partition 1, MB 100, Partition 2, MB 16, Partition 3, GB 118, Partition 4, GB 119. Mtu anaona mistari mingi, anachoka, anabonyeza Delete mmoja mmoja mpaka ubaki mstari mmoja wa "Unallocated Space". Ule wa nne ulikuwa D, na picha zote za familia.

Ukurasa huo hauonyeshi herufi C wala D. Kwa hiyo kabla ya kuizima mashine, andika kwenye karatasi C ina GB ngapi na D ina ngapi. Ukifika hapo chagua mstari wa C peke yake. Usipoufuta wala kuuformati, ukabonyeza Next tu, Windows ya zamani inahamishiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, pamoja na Users yako. Hiyo ni bahati ya pili, usiihesabu kuwa nakala.

Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa. Mwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) asianze wingu la mvua likiwa limejikusanya upande wa ziwani.

Maswali ya wanachama

*Mama wa dagaa, Mwaloni Kirumba:* Mwanangu, laptopu inazungusha vidoti tu, haifiki popote. Mahesabu ya wateja wangu wa Kongo yamo humo. Fundi anasema lazima aformati. Ni kweli?

Shikamoo mama. Si lazima, na asiiguse kwanza. Vidoti vikizunguka, izime kwa kushikilia kitufe cha kuwashia. Rudia mara mbili tatu mfululizo, itafungua yenyewe ukurasa wa matengenezo. Ingia Troubleshoot, Advanced options, Command Prompt. Andika notepad, bonyeza Enter. Ndani ya Notepad nenda File, Open, na pale chini badilisha "Text Documents" iwe "All Files". Diski zote zitaonekana. Herufi huenda zimehama, C ikajiita D, kwa hiyo tafuta yenye Users. Bofya folda kitufe cha kulia, Copy, nenda kwenye flashi, Paste. Itaonekana kama imeganda, maana haionyeshi inaendeleaje. Subiri, usichomoe. Fundi akikataa kufanya hivyo, chukua mashine yako mama, mafundi ni wengi.

*Mwanafunzi, Nyegezi:* Shikamoo mwalimu. Rafiki yangu kanipigia Windows jana usiku bila nakala. Ripoti ya fildi haionekani.

Marahaba. Fungua C utafute Windows.old, kisha Users, kisha jina lako la zamani. Ukiikuta, nakili leo, maana Windows huifuta yenyewe baada ya siku 10 hivi. Kama haipo, acha kuitumia mashine, usipakue chochote. Diski itolewe isomwe kwenye mashine nyingine kwa programu ya kurudisha mafaili. Kwa SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) sikupi matumaini makubwa, kwa sababu yenyewe husafisha nafasi zilizofutwa. Pekua pia barua pepe ulizomtumia msimamizi wako, na WhatsApp.

*Mwalimu wa sekondari, Nansio:* Nimeingia kwenye matengenezo, inadai namba ndefu ya BitLocker. Sijawahi kuiweka.

BitLocker ni kufuli la diski la Windows, na mashine nyingi hujifunga zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Namba ina tarakimu 48. Kwa simu yako fungua account.microsoft.com/devices/recoverykey, uingie kwa akaunti ile ile. Bila namba hiyo mafaili hayafunguki hata diski ihamishiwe kwingine. Ambao hamjakwama, itafuteni kabla hamjaanza.

*Kijana wa stesheni, Igoma:* Nikipiga upya ninunue leseni tena?

Hapana, kama ilikuwa halali na unarudisha toleo lile lile, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Ruka sehemu ya kuandika namba. Ikipata intaneti itajitambua.

*Dada wa Sengerema:* Diski yangu inagonga tik tik na kila kitu kinachelewa. Nifuate njia ipi?

Hakuna hata moja kati ya hizo. Windows mpya haiponyi diski inayokufa, na kuiandika upya kunaweza kummalizia mgonjwa. Izime. Ukiiwasha tena iwe ni kwa kunakili tu, ukianza na visivyoweza kupatikana pengine: picha, vyeti vilivyoskaniwa, mahesabu. Filamu ziache mwisho. Baada ya hapo weka SSD mpya, upige Windows kutoka kwenye flashi. Ile ya zamani iwe imeshatolewa ndani, isije ikatokea kwenye ule ukurasa wa mistari.